Jinsi ya Kuunda Jahazi la Kadi Lisilopinda: Mwongozo Kamili

Majahazi ya kadi ninayoletewa nitazame yana ugonjwa mmoja. Mlingoti umesimama vizuri, tanga limekatwa vizuri, rangi imepakwa kwa uangalifu. Lakini ukilishika na kulitazama kwa nyuma, shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, imelalia upande mmoja na gubeti, ile ncha ya mbele, upande mwingine, kama nguo iliyokamuliwa. Mwenye kuliunda amekesha wiki nzima, na anachoniuliza ni alikosea wapi alipofunga mlingoti.

Hakukosea kwenye mlingoti. Jahazi lilipinda siku ya pili, gundi ya mbao za kwanza ilipokuwa ikikauka, na tangu hapo hakuna alichoweza kufanya kulinyoosha. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye mwili wa chombo na kupita haraka kwenye mapambo.

Tunaunda jahazi la Lamu, lile lenye gubeti iliyosimama karibu wima na shetri bapa. Nimelichagua badala ya jahazi la Unguja kwa sababu gubeti ya Unguja imelala sana mbele, na mbao za kadi hutaabika kuifuata. Kipimo ni 1:50, yaani sentimita moja ya kadi ni nusu mita ya jahazi la kweli. Mwili wetu wa sm 28 ni sawa na chombo cha mita 14.

Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi huko Lamu, huunda kwa jicho, bila ramani. Sisi tutafuata vipimo, kwa kuwa mbao iliyozidi hupigwa randa ikakaa sawa, lakini kadi iliyokatwa vibaya ni ya kutupa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze kabla vyote havijawa mezani. Kukimbilia dukani gundi ikiwa mbichi kumeharibu kazi nyingi.

- Kadi ngumu ya kijivu ya unene wa mm 1.5. Majalada ya kaunta buku kubwa yanafaa sana. Utahitaji kama manne, yenye urefu usiopungua sm 29.
- Maboksi mawili matatu makubwa ya majani ya chai, yanayotoa kanda za sm 30 yakifunguliwa, kwa ngozi ya ndani.
- Karatasi mbili za manila, kwa mbao za nje.
- Karatasi nyeupe za A4, kwa tanga na mlingoti.
- Vijiti vitano vya mishikaki vyenye unene wa mm 3.
- Gundi nyeupe ya maseremala. Gundi ya maji ya shuleni haifai, ina maji mengi mno.
- Kisu cha karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma, penseli, msasa laini.
- Vibanio vya nguo, selotepu ya kawaida na ya pande mbili.
- Ubao bapa au kipande cha kioo kinene, sm 35 kwa 15.
- Uzi wa kahawia, kipande cha mshumaa, rangi ya kahawia na nyeupe, vanishi, unga wa msumeno kidogo.

Kadi ya mawimbi, ile ya maboksi ya televisheni, iache. Ukiibana kwa kidole inabonyea, na taruma, yaani ubavu wa chombo, likibonyea haliwezi kubeba ubao.

Kama anayeunda ni mtoto, kukata kadi ngumu ni kazi ya mtu mzima. Kadi hukatwa kwa kupitisha kisu mara nne au tano polepole kando ya rula, vidole vikiwa nyuma ya wembe. Ukilazimisha kukata mara moja kisu kitateleza.

## Jua mkondo wa nyuzi kabla ya kukata chochote

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo, na ndicho wengi wanachoruka.

Karatasi ina nyuzi, nazo zimelala upande mmoja kama nyuzi za mti. Ikilowa hutanuka, na hutanuka zaidi kwa kukata mkondo kuliko kwa kufuata mkondo. Gundi nyeupe ina maji. Ukikata ubao unaokwenda kinyume cha mkondo, ukipakwa gundi unarefuka; ukikauka unajivuta, na unavuta mataruma pamoja nao. Mbao kumi zikivuta hivyo upande mmoja, mwili wote unafuata.

Kujua mkondo ni rahisi. Kata kipande cha mraba cha sm 5, kitie alama ya upande uliokuwa juu, kisha lowesha uso mmoja kwa kidole. Kitajikunja kama bomba. Nyuzi zinafuata urefu wa bomba hilo.

Fanya jaribio hili kwa kila aina ya kadi uliyo nayo, na uchore mshale mkubwa wa penseli nyuma ya kila karatasi. Kanuni ni moja tu: kila kipande kirefu kikatwe ili mshale ufuate urefu wake.

## Hatua ya 1: Ubao wa kati

Huu ndio uti wa mgongo, na mkuku wa jahazi, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, umo ndani yake.

Kata vipande viwili vinavyofanana vya kadi ngumu. Ukingo wa juu ni mstari ulionyooka wa sm 28. Kimo ni sm 5.6. Ukingo wa chini ni sm 25: mbele unaanza sm 2 nyuma ya ncha ya juu, na nyuma unaishia sm 1 kabla ya mwisho. Unganisha ncha hizo kwa mistari iliyonyooka. Wa mbele ni gubeti, wa nyuma ni mahali pa shetri.

Gundisha vipande hivyo viwe kimoja cha mm 3. Paka gundi nyembamba kwa kutumia kipande cha kadi kama mwiko, futa inayozidi, funga ndani ya nailoni, kisha weka chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Asubuhi pima kutoka gubeti kwenye ukingo wa juu na uweke alama za sm 4, 8, 12, 16, 20 na 24. Kwenye kila alama chonga mwanya wa kuingiza taruma: upana mm 1.5, kina sm 2.5 kutoka juu.

Kwenye sm 10 chonga mwanya wa mlingoti: upana mm 3, kina sm 3.5. Huu usiwe wima. Chini yake urudi nyuma nusu sentimita, kwa sababu mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Gundisha kipande cha kadi ngumu cha sm 3 kwa 4 kila upande wa mwanya huo ili uwe mfuko. Jaribu mshikaki humo: uingie kwa kusukumwa na usichezecheze.

Ukiulaza ubao huu kwenye kioo, ulale wote. Ukiona mwanga unapita chini yake, urudishe chini ya vitabu, na ukikataa kunyooka kata mwingine. Najua inauma kutupa kazi ya siku nzima, lakini kila kitu kingine kitafuata mstari wa ubao huu.

## Hatua ya 2: Mataruma

Kila taruma lina kimo cha sm 5. Chora mstari wa kati kwanza, kisha pima upana katika sehemu tatu: juu kabisa, sm 2.5 chini yake, na sm 4 chini yake. Chini kabisa, yote huishia na upana wa mm 3. Unganisha nukta kwa mkunjo laini. Vipimo ni hivi, kwa sentimita:

- Taruma la 1 (sm 4 kutoka gubeti): 5.2, kisha 3.0, kisha 1.2
- Taruma la 2 (sm 8): 8.0, 6.0, 3.2
- Taruma la 3 (sm 12): 9.2, 7.8, 5.0
- Taruma la 4 (sm 16): 9.4, 8.2, 5.4
- Taruma la 5 (sm 20): 9.0, 7.4, 4.4
- Taruma la 6 (sm 24): 8.0, 5.4, 2.4
- Shetri (mwisho): 6.4, 3.2, 1.0

Chora nusu moja tu kwenye karatasi iliyokunjwa, kata, kunjua, kisha ihamishie kwenye kadi. Ukichora nusu mbili kwa mkono hazitalingana hata ujitahidi vipi.

Kila taruma isipokuwa shetri lichongwe mwanya katikati, kutoka chini kwenda juu: upana mm 3, kina sm 2.5. Taruma linashuka kutoka juu na kukumbatia ubao wa kati. Likiingia, juu yake liwe sawasawa na ukingo wa ubao, na chini ubaki mkuku wa mm 6 ukitokeza.

Usigundishe bado.

## Hatua ya 3: Funga mifupa juu ya sitaha, kichwa chini

Jahazi la kweli liko wazi katikati, shehena hupakiwa ngamani, ndani ya tumbo la chombo. La kwetu tutalifunika kwa sitaha nzima ya kadi ngumu, kwa kuwa sitaha bapa ndiyo itakayozuia mwili usijikunje.

Kata sitaha yenye urefu wa sm 28, ukifuata upana wa juu wa mataruma yote hadi shetri. Chora mstari wa kati na mistari ya vituo sita vya mataruma. Toboa tundu la mlingoti kwenye sm 10.

Sasa bandika sitaha kwenye kioo kwa selotepu ya pande mbili, mistari ikitazama juu. Pitisha mshumaa kwenye kioo kuzunguka sitaha ili gundi isishike hapo. Gundisha mataruma kwenye ubao wa kati, ugeuze mifupa yote kichwa chini, na uikalishe juu ya mistari. Gundisha shetri mwisho.

Kagua kila taruma kwa kona ya kitabu kabla gundi haijashika: lisimame wima, likate ubao wa kati kwa pembe mraba. Kisha acha usiku kucha.

Jahazi halitoki kwenye kioo mpaka ngozi ya ndani iishe pande zote mbili. Wengi hulitoa mapema ili walione, na mimi mwenyewe la kwanza nililiharibu kwa haraka hiyo hiyo. Mifupa mitupu ya kadi inapindika kwa nguvu ya vidole viwili. Ikishavikwa ngozi ndipo inakuwa sanduku gumu.

Kabla ya kuendelea, kwaruza kwa msasa kingo za taruma la 1, la 2 na la 6 zilale kufuata mwendo wa ubao. Laza ukanda wa kadi kutoka gubeti hadi shetri: uguse kila taruma kwa upana wake wote, usiguse ncha tu.

## Hatua ya 4: Ngozi ya ndani

Ukiweka mbao za manila moja kwa moja juu ya mataruma zitabonyea katikati, na jahazi litaonyesha mbavu kama ng'ombe wa kiangazi kikali. Ngozi ya ndani ndiyo dawa yake.

Kata kanda kumi za boksi, tano kila upande, zenye urefu wa sm 30. Upana ni sm 1.5 katikati, ukipungua hadi sm 1.1 kwenye gubeti na sm 1.2 kwenye shetri.

Kila ukanda ukunje kabla ya gundi. Uburute kati ya kidole gumba na mpini wa kijiko mpaka ukae wenyewe kwenye umbo la jahazi bila kushikwa. Ukanda unaolazimishwa na gundi unabaki na nguvu ya kurudi, na nguvu hiyo itafanya kazi mchana na usiku hadi ishinde.

Anza karibu na sitaha. Ukigundisha mmoja kulia, unaofuata ni wa kushoto. Kisha wa pili kulia, wa pili kushoto. Usimalize upande mmoja kwanza, hata kama mkono umepata kasi. Gundi iwe nyembamba kiasi cha kung'aa, si ya kutiririka, na iwekwe kwenye kingo za mataruma na kwenye ubavu wa ukanda jirani tu. Bana kwa selotepu na vibanio, ngoja dakika 20 kwa kila jozi. Msimu wa masika ngoja hata saa nzima.

Zikishakauka zote, changanya gundi na unga wa msumeno uwe uji mzito, jaza nyufa, na kesho yake piga msasa. Pitisha kiganja ukiwa umefumba macho: mkono husikia bonde ambalo jicho halilioni.

Sasa tenganisha jahazi na kioo kwa uzi mwembamba uliopitishwa chini yake. Liweke juu ya meza na ulitazame kwa nyuma. Mstari wa juu wa shetri na mstari wa sitaha kwenye taruma la 2 vikilingana, umeshavuka palipowashinda wengi.

## Hatua ya 5: Mbao za nje

Kila upande unachukua mbao kumi. Usiamini namba zangu kikamilifu. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uuzungushe kwenye taruma la 4 kutoka sitaha hadi mkuku, weka alama, kisha gawanya kwa kumi. Inapaswa kuwa karibu mm 7.5. Fanya hivyo kwenye gubeti (karibu mm 5.5) na kwenye shetri (karibu mm 6).

Kata manila kwa kufuata mshale wa nyuzi. Kila ubao ugawe vipande viwili au vitatu, na maungio ya ubao mmoja yasikae juu ya maungio ya ubao wa chini yake. Ndivyo ilivyo kwenye chombo cha kweli, na vipande vifupi havivutani.

Kabla ya kugundisha, pitisha penseli laini kwenye ukingo mmoja wa kila ubao. Zikikutana, unabaki mstari mwembamba mweusi, na jahazi linaonekana limetiwa kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao. Ni jambo dogo linalobadilisha sura nzima.

Kanuni ya kulia na kushoto inaendelea. Ubao wa mwisho, ule wa kando ya mkuku, usiukate kwa kipimo. Laza karatasi nyembamba juu ya pengo lililobaki, sugua kwa ubavu wa penseli mpaka kingo zijichore, ndipo ukate kwa mchoro huo.

## Hatua ya 6: Kingo, shetri na usukani

Kingo zinazopanda juu ya sitaha ndizo zinazolipatia jahazi mkunjo wake mzuri. Kata kanda mbili za manila iliyounganishwa mara mbili: kimo sm 1.2 katikati, sm 2.5 kwenye gubeti, sm 2 nyuma. Gundisha nje ya sitaha, zikutane mbele.

Vika shetri mbao za kulala za manila. Kama una mkono wa nakshi, hapa ndipo pake.

Usukani ni kadi ngumu yenye kimo cha sm 7, upana sm 2 chini na sm 1 juu, na kana, yaani mpini wake, ya mshikaki ikielekea ndani. Mbele, kila upande wa gubeti, bandika duara la karatasi la mm 6 liwe jicho la chombo.

## Hatua ya 7: Rangi

Paka tabaka jembamba la vanishi kwanza, likauke, ndipo rangi. Karatasi tupu hunywa rangi na kuvimba.

Juu ya maji paka kahawia ya mbao iliyopakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Chini ya maji nyeupe ya shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa. Mpaka kati yake uchorwe jahazi likiwa mezani, penseli ikiwa imelazwa juu ya kitabu chenye unene wa kutosha, ukizungusha chombo na si penseli.

Hili ni jahazi la kabatini. Vanishi haitalifanya lielee siku nzima.

## Hatua ya 8: Mlingoti na foromali

Chukua mshikaki, kata urefu wa sm 23.5. Viringisha juu yake karatasi ya A4 iliyokatwa upana wa sm 20, ukipaka gundi kidogo, mpaka ufike unene wa mm 6. Sehemu ya sm 3.5 ibaki tupu chini; hiyo ndiyo inayoingia kwenye mfuko. Ncha ya juu itangulie mbele ya mguu wa mlingoti kama sm 3. Wanaousimamisha wima hupata kitu kinachofanana na mashua ya Ulaya.

Foromali, ule mti unaobeba tanga, ina urefu wa sm 34. Unganisha vijiti viwili vipishane sm 8 katikati na uvifunge kwa uzi, kama foromali za kweli zinavyofungwa kwa vipande. Chonga ncha zote mbili ziwe nyembamba.

## Hatua ya 9: Tanga na kamba

Tanga lina pande tatu: sm 32 kwenye foromali, sm 30 ukingo wa nyuma, sm 23 chini. Liunde kwa kanda za A4 za sm 2.5 zilizopishana mm 2, zikiwa sambamba na ukingo wa nyuma, mfano wa vitambaa vya tanga vilivyoshonwa. Karatasi iliyochovywa kwenye chai ya rangi na kukaushwa inapata sura ya kitambaa kilichopigwa na jua.

Tanga bapa linaua jahazi zima. Changanya gundi kijiko kimoja na maji vijiko vinne, paka tanga, na ulilaze juu ya ubavu wa dumu la plastiki la lita 5 hadi likauke. Gundi hii haishiki plastiki, hivyo litabanduka likiwa na tumbo la upepo.

Pitisha uzi wote kwenye mshumaa kwanza ili manyoya yalale. Shona tanga kwenye foromali kwa mizunguko ya kila sm 1.5. Funga henza, kamba ya kupandishia foromali, sm 15 kutoka ncha yake ya mbele, uipandishe hadi sm 2 chini ya ncha ya mlingoti, na ushushe mwisho wake nyuma kwenye sitaha. Ncha ya mbele ya foromali ielee juu kidogo ya gubeti, ivutwe chini kwa uzi mfupi. Demani, kamba ya kuongozea tanga, itoke kona ya nyuma ya tanga hadi karibu na usukani, nayo ilegee kidogo, kwa kuwa tanga lililojaa ndilo linalovuta kamba.

Kamba yoyote ikikazwa hadi mlingoti unapinda, ilegeze hapo hapo. Kadi ina kumbukumbu ndefu, na mlingoti uliovutwa usiku mmoja haurudi.

Likikamilika, liweke mbali na dirisha na mbali na ukuta unaotoka chumvi. Mara moja kwa mwezi pitisha brashi laini na kavu kwenye tanga, kuanzia juu kwenda chini, vumbi lisije likakaa kwenye mishono ya kanda.